Bodi na mtendaji waelewane kabla ya ajira: habari ya Bruce Gordon isomwe yote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao kwa muda sasa umekuwa ukiendelea katika asasi za kiraia za hapa Dodoma, hasa zile zenye wanachama vijijini. Swali lenyewe ni hili: je, ni sahihi kumtoa mtu benki au kampuni ya simu, mtu aliyezoea mauzo na malengo ya robo mwaka, na kumkabidhi uongozi wa chama cha kutetea haki? Mimi ni mjumbe wa bodi ya chama kimoja kinachofuatilia haki za wanawake katika ardhi kwenye vijiji vya wilaya za Bahi na Chamwino, na swali hilo limekwisha kufika mezani kwetu, kwa sababu mkurugenzi wetu anastaafu na miongoni mwa wanaotajwa kumrithi yumo mtu aliyetumikia benki kwa miaka mingi.

Kila mjadala huu unapopamba moto, hakosekani mtu wa kulitaja jina la Bruce Gordon wa Marekani. Husemwa kwamba hata Wamarekani, pamoja na ukongwe wao katika harakati za haki za kiraia, walimchukua mtendaji wa kampuni kubwa ya simu wakampa chama chao kikongwe kuliko vyote, naye hakumaliza hata miaka miwili. Basi hoja huishia hapo, watu wakatikisa vichwa, na jina la mwombaji likawekwa kando. Naamini habari ya Gordon inasimuliwa nusu, na hiyo nusu inayoachwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaokaa kwenye bodi.

Gordon alizaliwa Februari 1946 katika mji wa Camden, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka Philadelphia, kwa wazazi waliokuwa walimu. Alisoma Chuo cha Gettysburg na kuhitimu mwaka 1968. Mwaka huo, ambao Martin Luther King Jr. aliuawa mjini Memphis na miji mingi ya Marekani ikawaka moto, kijana huyu aliingia kazini katika kampuni ya simu ya Bell of Pennsylvania, iliyokuwa chini ya AT&T. Kwa msomaji wa leo, kijana Mweusi kuajiriwa katika kampuni ya simu huenda ni jambo dogo. Wakati ule halikuwa dogo hata kidogo, na naomba nilieleze kwa kirefu kwa sababu wanaomwita Gordon mgeni katika harakati hulisahau.

Kampuni za Bell, yaani zile zilizokuwa chini ya AT&T, kwa pamoja zilikuwa mwajiri binafsi mkubwa kuliko wote nchini humo. Wanawake walirundikwa kwenye mbao za kuunganishia simu, na wafanyakazi Weusi waliachiwa kazi za mishahara ya chini, huku ufundi wa nguzo na nyaya na vyeo vya umeneja vikishikwa na wanaume Weupe. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikuwa imepiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo kazini, na ikaunda Tume ya Fursa Sawa za Ajira. Desemba 1970, AT&T ilipokwenda kwa mdhibiti wa mawasiliano kuomba kupandisha bei za simu za masafa marefu, tume hiyo ilijitokeza mbele ya mdhibiti na kupinga ombi hilo, ikisema kwamba kampuni inayobagua wafanyakazi wake haistahili kuongezewa bei. Ilikuwa njia ambayo wengi hawakuitegemea, nayo ilifanya kazi. Januari 1973 AT&T ilisaini makubaliano katika mahakama ya shirikisho mjini Philadelphia, ikakubali kulipa fidia ya dola milioni 15 hivi kwa wanawake na wanaume wa makundi yaliyobaguliwa, na kuweka malengo ya kuwaajiri na kuwapandisha vyeo. Hukumu iliyoyalinda makubaliano hayo dhidi ya vyama vya wafanyakazi vilivyoyapinga iliandikwa na Jaji A. Leon Higginbotham, ambaye naye alikuwa Mweusi. Kwetu huo ndio mwaka ambao TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma.

Hivyo Gordon alipokuwa akipanda ngazi, alipanda katika kampuni iliyokuwa imelazimishwa na sheria kuweka ngazi yenyewe. Walioilazimisha walikuwa mawakili, mashahidi na wafanyakazi waliokubali kutaja ubaguzi waliotendewa. Mtu aliyeishi miaka 35 ndani ya taasisi iliyobadilishwa kwa njia hiyo anajua jambo ambalo wanaharakati wengi hawapati nafasi ya kulijua, yaani kinachotokea ndani ya ofisi siku inayofuata ushindi wa mahakamani: nani anaitwa kwenye mafunzo na nani hasikii kwamba yapo, nani anaandikiwa tathmini nzuri, na malengo ya kupandisha vyeo yanavyogeuka takwimu za kumridhisha mkaguzi.

Safari yake iliyobaki katika biashara naweza kuieleza kwa haraka. Mwaka 1988 alipata shahada ya uzamili katika uongozi wa biashara kwenye taasisi ya MIT. AT&T ilikuwa imevunjwa mwaka 1984 kwa amri ya serikali, na Bell of Pennsylvania ikaangukia katika kundi la Bell Atlantic, ambalo mwaka 2000 liliungana na GTE kuzaa Verizon. Huko Gordon alikuwa rais wa kitengo kilichohudumia wateja wa majumbani na biashara ndogo. Mwaka 2002 jarida la Fortune lilimtaja katika orodha yake ya watendaji Weusi wenye nguvu zaidi nchini Marekani. Alistaafu mwishoni mwa mwaka 2003, akiwa hajafikisha miaka 60, na hakuwa na shida ya kutafuta kazi nyingine.

Juni 2005 bodi ya NAACP, kile chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, ilimchagua kuwa rais wa chama. NAACP iliasisiwa Februari 1909, na ndicho chama kilichoendesha kesi ya mwaka 1954 iliyovunja uhalali wa shule za kibaguzi, kesi iliyosimamiwa na wakili wake Thurgood Marshall. Wakili huyo huyo alikuja kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba mjini London mwaka 1960, kwa hiyo sisi wa Afrika Mashariki si wageni kabisa wa chama hiki. Waliomtangulia Gordon kwa karibu walikuwa watu wa mimbari na siasa. Benjamin Hooks alikuwa mchungaji na hakimu, Benjamin Chavis mchungaji, Kweisi Mfume mbunge. Gordon hakuwa na mimbari wala jimbo la uchaguzi.

Ili kuelewa kilichotokea baadaye, ni lazima turudi kwa Chavis. Mwaka 1994 bodi ya NAACP ilimwondoa baada ya kugundulika kwamba alikuwa ameahidi fedha za chama kumaliza dai la aliyekuwa mfanyakazi, bila bodi kujulishwa. Chama kilibaki na madeni makubwa na aibu hadharani, na Mfume aliyeingia mwaka 1996 alitumia muda mwingi kuyalipa madeni hayo na kurudisha heshima. Bodi iliyopita katika tanuri hilo ilijifunza kutomwachia mtendaji kamba ndefu. Sishangai kabisa, na sidhani kama kuna mjumbe wa bodi yeyote angeshangaa. Isitoshe, bodi yenyewe ilikuwa na wajumbe 64, wengi wao wakiwa wamepigania haki tangu ujana wao, na mwenyekiti wake alikuwa Julian Bond, mmoja wa waasisi wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki za Weusi, mwaka 1960. Bond ni mtu ambaye Bunge la jimbo la Georgia lilimkatalia kiti mwaka 1966 kwa sababu ya msimamo wake kuhusu vita vya Vietnam, hata Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru akalie kiti chake.

Jambo moja lilikuwa wazi tangu mwanzo: mtu wa Verizon, aliyezoea mtendaji mkuu kuendesha shughuli na bodi kuidhinisha sera, alikuwa anaingia katika chama ambacho bodi yake ilizoea kuendesha mambo yenyewe.

Gordon alishika kazi Agosti 2005. Kabla mwezi huo haujaisha, tarehe 29, kimbunga Katrina kilipiga pwani ya kusini, kingo za kuzuia maji za New Orleans zikabomoka, na karibu asilimia 80 ya jiji ikafunikwa na maji. Watu zaidi ya 1,300 walipoteza maisha katika maafa hayo, na dunia nzima ikaona kwenye televisheni watu maskini, wengi wao Weusi, wakisubiri msaada juu ya mapaa. Gordon alikwenda katika eneo la maafa, chama kikachangisha fedha za misaada na matawi yake yakapokea waliohama. Huo ndio mtihani wake wa kwanza, na naona aliukabili kama mtu aliyezoea kurudisha simu hewani baada ya dhoruba: nani anahitaji nini, wapi, leo. Wakati huohuo chama kilihitajika kuuliza kwa nini waliachwa, na nani atawajibika. Mambo hayo mawili yanaweza kufanywa na watu walewale, lakini yanahitaji kupangwa pamoja. Wenzetu wa Katesh mkoani Manyara, ambako maporomoko ya tope la mlima Hanang' yaliua watu Desemba 2023, wanajua jinsi blanketi na unga vinavyofika kwanza, na maswali ya viwanja na makazi mapya yakabaki muda mrefu baada ya magari ya misaada kuondoka.

La pili alilofanya linastahili kutajwa na kila anayesema alishindwa. Uhusiano kati ya NAACP na Ikulu ya Marekani ulikuwa umeharibika. Rais George W. Bush alikuwa hajahutubia mkutano mkuu wa chama hata mara moja tangu aapishwe, na mamlaka ya kodi ilikuwa ikichunguza hadhi ya chama baada ya hotuba ya Bond ya mwaka 2004 iliyoikosoa serikali. Gordon alikwenda Ikulu na kukutana na Bush zaidi ya mara moja. Tarehe 20 Julai 2006 Bush alisimama mbele ya mkutano mkuu wa NAACP mjini Washington. Siku hiyohiyo Seneti ilipitisha kwa kura 98 bila hata moja ya kupinga muswada wa kuongeza muda wa vifungu muhimu vya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, na Bush aliusaini kabla mwezi haujaisha. Agosti uchunguzi wa kodi ukafungwa bila chama kukutwa na kosa. Sisemi kwamba yote hayo ni kazi ya mtu mmoja. Kura 98 zilikuwa na watu wengi nyuma yake, na Bond hakurudisha nyuma neno lake hata moja. Ninachosema ni kwamba mtu aliyezoea kukaa meza moja na asiyekubaliana naye aliuletea mlango wa Ikulu ufunguo uliokuwa umekosekana kwa miaka.

Machi 2007, baada ya miezi 19, Gordon alijiuzulu. Hapakuwa na kashfa, wala fedha iliyopotea, wala mtu aliyemtukana mwenzake. Yeye alieleza kwamba yeye na bodi hawakuweza kwenda sambamba, na kwamba alizoea mfumo ambao mtendaji anapewa nafasi ya kuendesha. Upande wa bodi, Bond alieleza kwamba chama ni chombo cha kudai haki, na Gordon alitaka kukisogeza kwenye utoaji wa huduma, kama vile kuwasaidia wanafunzi masomo, kuwapa watu ushauri wa uzazi na kujenga uwezo wa kifedha wa familia. Gordon aliona kwamba chama kinahitaji yote mawili. Miezi michache baadaye NAACP ilitangaza kupunguza sehemu kubwa ya wafanyakazi wa makao makuu kwa sababu ya upungufu wa fedha, na mwaka 2008 ikamchagua Benjamin Jealous, kijana wa miaka 35 aliyewahi kufanya kazi za haki za binadamu.

Sasa nieleze maoni yangu waziwazi. Katika suala la kazi ya chama ilivyopaswa kuwa, niko upande wa Bond. Katika suala la namna chama kilivyokuwa kikiendeshwa, niko upande wa Gordon, kwa sababu watu 64 hawawezi kumsimamia mtu mmoja; kila mmoja wao atampigia simu kwa wakati wake, na mtendaji atalazimika kuchagua amsikilize nani. Lakini lililonigusa zaidi ni kwamba mambo haya mawili, kazi ya chama na mipaka ya madaraka, yalikuwa wazi kwa kila mtu Juni 2005. Gordon hakuficha alikotoka. Bodi haikuficha desturi yake. Kila upande ulitumaini kwamba mwenzake atabadilika kazini.

Hapa kwetu tunakwenda kuyarudia hayo. Katika mkutano mkuu wetu mmoja, uliofanyika darasani kwenye kijiji kimoja cha Bahi, mshauri tuliyemwajiri alituonyesha ukutani wasilisho zuri la mpango mkakati: asilimia za wanufaika, viashiria, mishale ya kupanda. Mama mmoja mjane, mwanachama anayelipa ada yake na kuhifadhi risiti zake katika mfuko wa nailoni aliouviringisha ndani ya kanga, aliomba kusema. "Mwanangu," alimwambia mshauri, "hayo yote ni mazuri. Majaruba yangu aliyoyachukua shemeji yangu yamo kwenye hiyo picha?" Mshauri alijibu kwa adabu kwamba suala lake limo chini ya kiashiria cha tatu. Yule mama aliketi, na wanawake waliokuwa karibu naye wakaanza kunong'ona.

Swali la mama huyo ndilo ambalo mkurugenzi mpya, atoke benki au atoke popote, atatakiwa kulijibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Shauri lake laweza kuanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lazima liwe na wajumbe wanawake, na msaidizi wa kisheria aliyefunzwa anaweza kumsindikiza. Kazi hiyo ni ya polepole, inaleta uhasama katika ukoo, na mwisho wa mwaka inaweza kuonekana kwenye taarifa kama mashauri machache tu yaliyokamilika. Kwa kulinganisha, kugawa kuku wa kufuga au kuanzisha vikundi vya kuweka na kukopa kunatoa idadi nzuri ndani ya miezi sita, na picha za akina mama wanaotabasamu. Mfadhili anaridhika. Mtu aliyelelewa na malengo ya robo mwaka atavutwa na upande wenye idadi, tena kwa nia njema kabisa, na bodi isiyojua inataka nini itampigia makofi mpaka siku wajane watakapoacha kuja.

Wapo wenzangu, hasa wa umri wangu, wanaokataa mtu wa biashara kwa kukumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967. Miiko ya uongozi ilikataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Nawaheshimu kwa kumbukumbu hiyo, na sikufurahia namna miiko hiyo ilivyolegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Hata hivyo, tukiisoma vizuri, miiko ile ililenga mgongano wa maslahi, kwamba mtu asihukumu jambo ambalo mfuko wake umo ndani yake. Haikusema kwamba anayejua kusoma mizania hafai kuwatumikia wanyonge. Kwa mgombea wetu wa benki swali la haki ni kama benki yake ya zamani iliwahi kuwakopesha wanaume kwa dhamana ya mashamba ambayo wake zao hawakuulizwa, na kama yuko tayari kulisema hilo mbele ya wanachama. Akiwa tayari, uzoefu wake utakuwa wa thamani kubwa kwetu, kwa sababu anajua fomu ya mkopo inavyopita mezani na ni wapi sahihi ya mke inatakiwa kuwapo.

Kuhusu mvutano wa haki na huduma, ambao ndio kiini cha yaliyomkuta Gordon, Tanzania ina kumbukumbu yake ambayo tunaisahau. Bob Moses, aliyekuwa na Bond katika SNCC na aliyeandikisha wapiga kura Weusi Mississippi kwa kuhatarisha uhai wake, alihamia nchini kwetu mwaka 1969 na kufundisha hisabati katika shule ya sekondari ya Same, mkoani Kilimanjaro, hadi mwaka 1976. Aliporudi Marekani alianzisha, mwaka 1982, mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto wa shule maskini, akishikilia kwamba katika uchumi wa leo mtoto asiyejua hisabati hana uraia kamili, kama vile babu yake asiyeruhusiwa kupiga kura. Kwa juu juu, kufundisha aljebra ni huduma, sawa na zile ambazo bodi ya NAACP iliziona kuwa nje ya kazi yake. Moses aliifanya iwe madai, kwa kuwafunza watoto na wazazi waidai elimu hiyo kwa shule na serikali zao wenyewe.

Kipimo hicho ndicho ningependa bodi zetu zikitumie. Kikundi cha kuweka na kukopa kinachowapa wanawake nauli ya kwenda pamoja kwenye Baraza la Ardhi la Wilaya, na ujasiri wa kukaa benchi moja na mjane wao, ni sehemu ya kazi ya haki. Kikundi kilekile kinachoishia kugawana faida na kumwacha mjane aende peke yake kina faida zake, lakini hakihitaji chama chetu. Kipo chini ya kila mwembe. Mtendaji akiambiwa hivyo kabla hajasaini mkataba, atajua anapimwa kwa kipimo gani, na kama ni mtu mwadilifu atasema mapema kama anaiweza kazi hiyo au la.

Kwa hiyo ninapendekeza tubadili utaratibu wetu wa kuajiri. Kabla ya tangazo la nafasi ya mkurugenzi kutoka, bodi ikae na kuandika, kwa Kiswahili ambacho mwanachama wa kijijini anaweza kukisoma, maamuzi ambayo ni ya mkurugenzi peke yake, yale ambayo ni ya bodi, na yale ambayo ni lazima yapelekwe mkutano mkuu. Kuajiri na kufukuza watumishi, kusaini mikataba na wafadhili, kuongea na vyombo vya habari, kukubali mradi ulio nje ya mpango mkakati: kila moja lipate mwenyewe. Karatasi hiyo iwe sehemu ya mkataba wa ajira na isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu. Bodi zenye watu 20 na zaidi, na zipo hapa mkoani, zijipunguze. Watu tisa wanatosha, mradi wanachama wa vijijini wawe zaidi ya nusu yao. Na mgombea aliyefika hatua ya mwisho apelekwe vijijini bila gari la chama, akasikilize mashauri kwenye baraza moja au mawili, kisha aje atueleze alichokiona kabla hatujazungumza mshahara.

Najua watakaosema kwamba utaratibu huo utawafukuza waombaji wazuri wenye nafasi nyingine mjini. Gordon alikuwa na nafasi nyingine nyingi kuliko yeyote tutakayempata, na bado alikuja. Kilichomwondoa ni kwamba mazungumzo ambayo yangefanyika Juni 2005 yalifanyika Machi 2007.

Bodi yetu itakutana kabla ya kiangazi kwisha, na nimeomba suala hili liwe ajenda ya kwanza, mbele ya bajeti. Naomba wasomaji walio katika bodi za vyama vya wanachama Dodoma, Singida, Manyara na Morogoro watuandikie kupitia ukurasa huu namna katiba zao zilivyogawa madaraka kati ya bodi na mtendaji, na ikiwezekana watupe vifungu vyenyewe, vile vilivyofanya kazi na vile vilivyowagombanisha, ili tuvitumie katika rasimu tunayoiandaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa bodi ya chama cha wanachama,
Miyuji, Dodoma